Tunapigia Kelele Seva, Jicho Tumelisahau

Makamanda, kila uchaguzi tunapiga kelele kuhusu seva. Seva iko wapi, nani ana nywila. Sawa kabisa. Lakini nani kati yetu amewahi kuuliza kuhusu kile kioo unachowekea kidole?

Kitambua mwanga tulichozoea ni cha silikoni. Inayeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 1,400, ni ngumu, na ukitaka jicho kubwa bei inapaa. Hiyo bei ndiyo ilikuwa kinga yetu: jicho lilikuwa ghali na lilionekana. Kinga hiyo inaondoka. Heeger, MacDiarmid na Shirakawa walipewa Nobel ya kemia mwaka 2000 kwa kuonyesha kwamba plastiki inaweza kupitisha umeme. Leo semikondakta za kaboni zinageuzwa wino na kupakwa juu ya plastiki, tabaka jembamba kuliko unywele mara mia. Mwanga ukigonga, elektroni inahama kutoka molekuli moja kwenda nyingine, umeme unapita, picha imeshapatikana. Kinapinda, na kinaweza kutandikwa chini ya skrini nzima kisome vidole vinne kwa mpigo.

Kuna na ndugu yake chotara, perovskaiti, wenye kaboni, iodini na risasi. (Risasi ya madini jamani, si ile ya kwenye maandamano.) Inanasa eksirei vizuri sana, na hiyo naitaka hata kesho kwenye vituo vya afya vya vijijini. Ila risasi yake inayeyuka kwenye maji. Kifaa kikitupwa dampo la Pugu, masika yakija inaenda wapi?

Eti tuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka ridhaa ya maandishi kwa taarifa nyeti. Ridhaa gani unampa jicho usilojua lipo? Na humo humo kuna msamaha wa usalama wa taifa, mpana kama geti la stendi. Mkurugenzi Mkuu wa Tume anateuliwa na Rais. Ukitaka kuilalamikia serikali, unampelekea mteule wake.

Ilani yetu iseme hivi: kifaa chochote cha kusoma miili yetu kinachonunuliwa kwa kodi, zabuni itaje jicho lake limetengenezwa na nini, linaona nini, na litazikwa wapi. Wabunge waulize kabla ya saini. Vikishashuka bandarini tutaambiwa hela imeshalipwa.