Je, Utepe Humlinda Mchezaji?

Tumwonapo mchezaji aliyefungwa utepe wa gundi kifundoni mwa mguu, hudhani kwamba kiungo chake kimekwisha kuwa imara. Dhana hiyo yafaa ipimwe.

Mwaka 1962, nchini Marekani, Rarick na wenzake waliupima utepe huo. Waliona kwamba baada ya dakika 10 tu za mazoezi makali ulipoteza hadi asilimia 40 ya nguvu zake za kukishikilia kifundo. Hata hivyo, mwaka 1973, Garrick na Requa, waliochunguza wachezaji wa mpira wa kikapu chuoni, walionyesha kwamba waliofungwa utepe waliteguka mara chache zaidi, hasa wale waliokwisha kuteguka kabla.

Basi utepe una faida, lakini faida yake ina mipaka. Huuzuia mguu usipinduke kupita kiasi. Hauponyi kano zilizochanika, wala hauondoi uvimbe. Kwa hiyo mwalimu amfungaye kijana aliyeumia jana ili acheze leo hamlindi, bali anamficha maumivu yake.

Tena, timu isiyo na fedha za kununua utepe isikate tamaa. Kusimama kwa mguu mmoja kila siku, kwanza macho yakiwa wazi, kisha yakiwa yamefumbwa, huifunza misuli kukidhibiti kifundo. Uchunguzi mwingi umethibitisha kwamba mazoezi ya namna hiyo hupunguza kuteguka tena. Zoezi hilo halina gharama, nalo lastahili kutangulia utepe.