Muuaji Tumeshamjua, Sasa Tusome

Msomaji wa riwaya za upelelezi ana hofu moja kubwa: kusimuliwa mwisho. Fungua mdomo tu uone anavyoziba masikio. "Usiniambie, bado sijafika!" Nyuma ya hofu hiyo kuna imani ambayo nimechoka kuisikia, kwamba riwaya ya namna hii ni swali moja, nani kaua, na jibu likishapatikana kitabu hakina kazi tena, kifungie maandazi. Imani hiyo imezaa nyingine. Kwa kuwa kila kitabu kina maiti wake na muuaji wake, basi mfululizo hauna mwanzo wala katikati, shika chochote kilicho karibu. Wauza vitabu vya mtumba wanaihubiri kila siku. Uliza kama wanacho cha kwanza, utajibiwa: "Chukua hicho hicho, kaka, vyote mwandishi mmoja."

Basi ngoja niharibu uhondo mapema. Katika The Sweetness at the Bottom of the Pie, riwaya ya Alan Bradley iliyotoka mwaka 2009, anayekata roho kwenye matuta ya matango ni Horace Bonepenny. Aliyemuua ni Bob Stanley, anayejitambulisha kijijini kwa jina la Frank Pemberton, na silaha yake ni sindano ya kaboni tetrakloridi. Kiini cha ugomvi ni stempu za zamani zenye thamani kubwa. Haya, siri yote iko mezani. Nimekunyang'anya nini?

Sijakunyang'anya Flavia de Luce, na Flavia ndiye kitabu. Ana miaka 11. Ni mwaka 1950, katika kijiji cha Uingereza kiitwacho Bishop's Lacey, ndani ya jumba linalochakaa la Buckshaw. Mama hayupo. Baba yuko, lakini akili yake iko kwenye stempu zake. Dada zake wawili, Ophelia na Daphne, wanamtesa kwa bidii. Tunapokutana naye mara ya kwanza wamemfunga kamba na kumtia kabatini. Faraja yake ni maabara ya kemia aliyoiacha babu mdogo wa ukoo huo, na katika kemia anachokipenda kuliko vyote ni sumu. Anazijua kama watoto wengine wanavyojua majina ya wachezaji mpira.

Tazama anavyolipiza. Anachukua mmea unaobabua ngozi, anakamua sumu yake, anaichanganya kwenye rangi ya mdomo ya Ophelia, kisha anakaa kusubiri matokeo kama mtafiti aliyelipwa mshahara. Hakuna maiti hapo, wala alama za vidole. Ila ukurasa huo unakuonyesha mtoto mwenye akili kali kuliko watu wote wa nyumba ile, asiye na mtu wa kumkumbatia, aliyeamua kuwa sayansi itamtosha. Nani anasoma ukurasa kama huo huku akiwaza habari za Pemberton?

Halafu kuna ile ya chai. Maiti inaonekana bustanini, aliyeiona ni Flavia, aliyesikia neno la mwisho la marehemu ni Flavia. Inspekta Hewitt anafika na vijana wake, na anachomwomba mtoto huyu ni kwenda kutafuta mtu wa kuwaandalia chai. Anakasirika, na ana haki. Mpelelezi mtu mzima ana kibali, ana gari, ana cheo cha kumfungulia milango. Mtoto hana hata haki ya kuuliza swali. Alichonacho ni kudharauliwa, kwa sababu watu husema mengi mbele ya mtoto wakidhani hasikii. Huo ndio utamu wa mpelelezi mdogo asiye na kazi ya upelelezi, nao hauharibiki ukijua muuaji. Kwa kweli unaongezeka, maana unaacha kumkagua kila mgeni anayeingia mlangoni na unaanza kumwangalia yeye.

Sasa ile imani ya pili, ya kuanzia popote, ambayo kwangu ni kosa kubwa zaidi. Mama yake Flavia, Harriet, alipotea milimani huko Himalaya Flavia akiwa mchanga. Kwa vitabu vitano tunaishi na pengo hilo: nyumba ina jina lake, gari lake, harufu yake, lakini yeye hayupo. Kitabu cha tano kinafungwa kwa habari kwamba amepatikana. Cha sita, The Dead in Their Vaulted Arches cha 2014, kinafunguka na treni inayomrudisha nyumbani ndani ya jeneza. Na mtoto huyu, ambaye hajawahi kukutana na tatizo lisilotatulika maabara, anapanga kumfufua mama yake kwa kemia.

Anayeanzia kitabu cha sita ataona kituko. Aliyetembea naye tangu mwanzo ataona kitabu kikimlemea mkononi. Ni maneno yale yale, lakini wasomaji hawa wawili hawakusoma kitu kimoja. Baadaye Flavia anapelekwa shule Toronto, anarudi, baba anaugua pneumonia na kufariki, Ophelia anaolewa. Hivyo ndivyo anavyokua mtu, kitabu baada ya kitabu. Nani kaua? Kila mara kuna mtu kaua. Mimi mwenyewe, ukiniuliza muuaji wa kitabu cha nne, itabidi nifikirie kidogo. Ukiniuliza nini kilitokea jeneza lilipofika, sihitaji kufikiri.

Najua nitajibiwa kwa Nancy Drew. Binti huyo wa Kimarekani alianza kuchapishwa mwaka 1930 chini ya jina la Carolyn Keene, jina la bandia lililoficha waandishi kadhaa, wa kwanza wao Mildred Wirt Benson. Hakui. Alianza na miaka 16, walipoandika upya vitabu vyake kuanzia 1959 wakamfanya wa miaka 18, basi, akabaki hapo. Hapo unaweza kweli kushika chochote. Lakini huo ni ushahidi wa upande wangu. Vitabu vile vya mwanzo havina mauaji ya kutafutiwa mwenyewe. Cha kwanza kabisa kinahusu wosia uliopotea. Wasichana wa vizazi vitatu walimfuata kwa ajili ya nini, kama si kuona msichana anayeendesha gari lake mwenyewe na kuzungumza na wakubwa bila kutetemeka?

Hata wanasaikolojia wameligusa suala hili. Mwaka 2011 Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliwapa watu hadithi fupi 12, za upelelezi zikiwemo, wengine wakiambiwa mwisho mapema. Kwa jumla walioambiwa walizifurahia zaidi. Utafiti mmoja haumalizi ubishi, na sisi hatukuhitaji maabara. Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla kilichapwa 1960, na wapo wanaokirudia hadi leo wakijua fika kinaishia wapi. Wanamfuata mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, pamoja na mwenzake Najum anayeachwa nyuma kila mara. Bwana Msa ni mtu mzima na hakui, kama Nancy tu, lakini hakuna aliyemtupa baada ya fumbo kufumbuliwa.

Nikumbushe pia kwamba Bradley, Mkanada aliyezaliwa 1938, alipata tuzo ya chama cha waandishi wa riwaya za uhalifu cha Uingereza mwaka 2007 kabla kitabu kizima hakijakamilika. Aliwapelekea sura ya mwanzo na muhtasari tu. Waamuzi hawakuwa na kitabu kizima mkononi. Sauti ya yule mtoto iliwatosha.

Kwa hiyo ukikutana na cha 2014 kwenye turubai la vitabu vya mtumba, kinunue, bei yake haitakuumiza. Lakini usikifungue. Kiweke kando mpaka umpate yule mtoto wa 2009 akiwa bado kabatini.