Mashauri ya Nyumba: Kubadilisha Plagi za Gari



Gari siku hizi limekuwa kama mmoja katika jamaa wa nyumba: ndilo lipelekalo watoto chuoni na wagonjwa hospitali. Kwa hivyo yafaa kila mwenye gari alijue japo kidogo. Mwezi huu twataka kusema juu ya plagi, kitu kidogo cha bei nafuu, walakin kukifunga kwa pupa huleta hasara kubwa.

Plagi imo katika injini ya petroli. Ya dizeli haina, kwani mafuta yake huwashwa na joto la hewa iliyobanwa. Ndani ya plagi, umeme wenye nguvu nyingi hupita katikati ya kaure, kisha huruka pengo dogo baina ya ncha mbili. Cheche hiyo ndiyo iwashayo petroli iliyochanganyika na hewa. Injini ya mapigo manne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila plagi huwasha mara 25 kwa sekunde moja. Basi si ajabu ncha zikalika na pengo likapanuka. Hapo gari huwa gumu kuwaka asubuhi, hutetema, na hula petroli kuliko desturi yake. Plagi za kawaida aghalabu hubadilishwa kwenye kilomita 30,000 hivi. Za platinamu na iridiamu huweza kufika 100,000. Lakini la kufuatwa ni lile lililoandikwa katika kitabu cha gari lako.

Mwenye kutaka kuifanya kazi hii na ashike mambo matano.

Kwanza, angoje injini ipoe kabisa. Silinda hedi nyingi ni za alumini, na zikiwa moto, hesi zake, yaani ile mistari ya kukazia, huharibika upesi.

Pili, apulize vumbi lililo kando ya plagi kabla ya kuifungua, lisije likaanguka ndani ya silinda. Tena afungue moja, afunge moja, ili waya zisibadilishane mahali.

Tatu, asiitupe plagi kuukuu kabla ya kuitazama, kwani hiyo ni mfano wa barua itokayo ndani ya injini. Ikiwa na rangi ya kahawia hafifu au kijivu, injini ni nzima. Ikiwa nyeusi kwa masizi makavu, petroli ni nyingi au hewa ni haba. Naatazame chujio la hewa. Ikiwa imelowa oili, oili yapenya ndani ya silinda. Ikiwa nyeupe na ncha zimeungua, joto limepita kiasi. Atiaye plagi mpya bila ya kuisoma ya zamani huuacha ugonjwa ulivyo, na plagi mpya nazo zitaharibika vivyo hivyo.

Nne, anunue plagi ya namba iliyotajwa kitabuni, na alipime pengo lake kwa geji. Katika magari mengi huwa baina ya milimita 0.7 na 1.1.

Tano, nalo ndilo kubwa kuliko yote, aanze kuizungusha kwa vidole, si kwa spana. Ikikataa, airudishe na kuanza upya, asiilazimishe. Ikishakaa, plagi mpya yenye washa huongezewa nusu mzunguko mpaka thuluthi mbili. Isiyo na washa, yenye kikalio cha mshazari, sehemu moja ya kumi na sita tu. Kukaza kupita hapo hukata hesi, na kutengeneza tundu lililokatika ni gharama ishindayo bei ya plagi zote.

Na asiyeweza mwenyewe, ampelekee fundi, lakini amwambie: "Nirudishie plagi zangu za zamani." Kwa kuzitazama atajua kwamba zimebadilishwa kweli, na atajua hali ya injini yake.