Sikio Liandaliwe Kabla ya Kupimwa

Mtoto anaitwa mara tatu ndipo ageuke. Mwalimu anamwona mtundu, mama anamwona mkaidi. Huenda nyuma ya kiwambo cha sikio lake kumejaa majimaji. Nyumba hiyo hiyo, tuseme ya Nyasubi, yaweza kuwa na baba aliyefanya kazi miaka mingi kwenye makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu, naye hasikii vizuri.

Nyasubi ni kata ya Manispaa ya Kahama, mji uliokua pamoja na migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi. Wagonjwa wa aina hizi mbili hawapaswi kutibiwa kwa kubahatisha. Kelele za karasha huharibu sikio la ndani. Majimaji na usaha hukwamisha sikio la kati. Kipimo kiitwacho timpanometri husaidia kuwatenganisha. Ncha ya mpira huziba tundu la sikio, mashine hubadili mgandamizo wa hewa huku ikitoa mlio, kisha huchora jinsi kiwambo kinavyoitikia. Kwa kila sikio, kazi hiyo humalizika kwa sekunde chache.

Wepesi huo ndio mtego. Mchoro wa sikio zima hupanda na kushuka kama kilima. Mchoro bapa waweza kuonyesha majimaji, au kiwambo kilichotoboka. Lakini nta iliyoziba tundu nayo huutoa, na hata ncha iliyogusa ukuta wa sikio. Mashine haijui tofauti. Anayeijua ni mhudumu aliyejiandaa.

Maandalizi yenyewe hayahitaji fedha nyingi. Kabla ya mgonjwa wa kwanza, mashine ihakikiwe kwa kikopo maalumu cha ujazo unaojulikana, mara nyingi mililita 2. Mgonjwa aulizwe kama sikio linauma, linatoa usaha, au limefanyiwa upasuaji karibuni. Tundu lichunguzwe kwa taa, na nta iliyoziba iondolewe na mtaalamu. Ncha iwe safi na itoshe tundu la sikio hilo. Kwa mtoto wa chini ya miezi 6, mlio wa kawaida wa hezi 226 huweza kudanganya. Hutumika wa hezi 1,000.

Halafu yapo maneno, yanayorukwa kwa urahisi foleni inapokuwa ndefu. Mgonjwa aambiwe kwamba atahisi sikio likiziba kidogo, kama gari linapopanda mlima, na kwamba asiongee, asitafune wala asimeze mate. Bibi anayeelewa Kisukuma kuliko Kiswahili aelezwe kwa Kisukuma. Mtoto apakatwe na mama yake; akilia, asubiriwe atulie, kwa sababu kilio huvuruga mchoro.

Viongozi wa afya wa Kahama na ukanda mzima hadi Geita wanaponunua vifaa vya masikio, wasiishie kwenye bei ya mashine. Watenge fedha za ncha za ziada, uhakiki wa kila mwaka na mafunzo ya wahudumu, na wampe kila mgonjwa dakika zake za maandalizi. Nao wazazi wa Nyasubi wasimimine mafuta wala kuchokonoa kwa kijiti sikio linalotoa usaha. Wampeleke mtoto kituo cha afya mapema, kabla hajaitwa mkaidi mwaka mwingine mzima.