Waliobakwa Wanahitaji Zaidi ya Dawa

Mwezi uliopita alinijia mwanamke niliyemfundisha zamani katika shule ya upili. Ameolewa na mume mpole, lakini kila mume huyo anapomkaribia usiku, mwili wake hukakamaa kama gogo na moyo ukamwenda mbio. Alibakwa angali msichana. Hakuja kulia; alikuja kuuliza, "Mwalimu, kuna kitabu chochote ninachoweza kusoma?" Nilikosa jibu.

Walimu wenzangu, tusijidanganye kwamba yu peke yake. Usiku wa tarehe 13 Julai 1991, katika shule ya St Kizito kule Meru, wasichana 19 walifariki na wengine 71 wakabakwa. Waliookoka walikua, na bila shaka wako walioolewa. Ni nani aliyewaeleza jinsi ya kuuingia unyumba bila hofu?

Siku hizi huduma ya kwanza ipo. Aliyebakwa akifika hospitalini kabla ya saa 72 kupita hupewa dawa za kumkinga na virusi vya Ukimwi, na simu 1195 hupigwa bila malipo. Lakini hayo ni ya juma la kwanza. Baada ya miaka 10 je? Hata kungwi humfunza mwari akidhani mwili wake haujapata kuumizwa.

Nilitafuta, nikapata kitabu cha Mmarekani Wendy Maltz, The Sexual Healing Journey, kilichotoka mwaka 1991. Mwandishi huyu hamwambii mtu ajikaze. Anashauri tendo lenyewe liwekwe kando kwa muda, wawili hao wajifunze upya kugusana polepole, kila mmoja akiwa na hiari ya kusema basi. Hofu ikizuka ghafla, mtu asite, atulie, ajikumbushe kwamba sasa yu salama, kisha abadilishe kilichomtisha. Mume naye ana sehemu yake humo, jambo lililonifurahisha mno.

Nilimpa kitabu, nikamsihi asikisome bila mshauri karibu, maana kinaweza kuamsha machungu.

Kasoro ni kwamba kimeandikwa kwa Kiingereza. Cha Kiswahili cha aina hiyo sikukipata madukani, ingawa maneno tunayo: unyumba, ridhaa, staha. Wachapishaji wetu hawachoki kutoa miongozo ya mitihani. Namwomba mmoja wao atoe kijitabu cha kurasa 50 tu, na walimu washauri wa shule wawe wa kwanza kukipata. Juma lililopita yule mwanamke alirudi kuniuliza: dada yake, asiyejua Kiingereza, ampe nini?