Chombo Kimtii Aliyekilipia



Mtu wa Ulaya akiagiza gari Marekani, hulikuta na redio yenye ramani ya kumwonyesha njia. Likifika kwake, nusu ya kazi za chombo hicho hulala. Kwa nini?

Sababu ya kwanza ni ya kiufundi. Marekani stesheni za FM huishia kwa namba witiri: 88.1, 88.3, 88.5. Ulaya hutumia na shufwa pia. Stesheni iliyoko 95.4 redio hiyo huiruka. Hilo linaeleweka, na baadhi ya redio zina swichi ya kulirekebisha.

Sababu ya pili haikubaliki. Setilaiti za GPS huhudumia dunia nzima. Gari likiwa Hamburg linajua lilipo. Kinachokosekana ni ramani. Mtengenezaji huweka ya Amerika ya Kaskazini peke yake, na mara nyingi hukifunga chombo kisipokee nyingine. Hapo tatizo si ufundi, ni biashara.

Nasi Afrika Mashariki tunalijua jambo hili. Magari mengi ya mitumba kutoka Japani huja na FM ya megahezi 76 hadi 90, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Mwenye gari hutoa tena fedha ili asikie taarifa ya habari.

Fedha hiyo ni jasho. Vyama vyetu na vya watumiaji vidai mambo mawili: muuzaji aseme wazi chombo kinafanya kazi wapi, na mnunuzi asizuiwe kukifungua. Aliyelipa ndiye mwenye mali.