Nani hasa ni mtegemezi?

Kwa kozi zilizoanza tangu Januari 1, 2024, Uingereza kwa kawaida haimpi viza mke, mume wala mtoto wa mwanafunzi wa kigeni, ila wa yule anayesomea uzamifu au shahada nyingine ya utafiti, au mwenye ufadhili wa serikali. Hati za viza huwaita jamaa hao wategemezi. Nami, ambaye riziki yangu ni maneno, neno hilo lanikera. Mke anayebaki Kakamega akilea watoto na kulipa mkopo wa nauli ya mumewe, anamtegemea nani? Mtegemezi ndiye aliyepanda ndege!

Mwalimu mmoja niliyemfundisha aliyajua masharti haya baada ya kulipa karo ya uzamili. Mwanawe sasa humjua kwa sauti ya simu tu.